Mumi au chura? Hesabu ndevu kabla hujalipa

Tuseme, msomaji mpendwa, umefunga safari kutoka Nairobi msimu wa likizo ukafika nyumbani Nambale pamoja na watoto. Baada ya salamu na chai, kitu cha kwanza unachoonyeshwa si ndama wala shamba la mihogo, bali ni kidimbwi kipya alichochimba mjomba kule bondeni, karibu na kijito kinachoteremka kuelekea Mto Sio. Kabla hamjakizunguka, kijana wa bodaboda anawasili na mfuko wa plastiki uliofura kwa hewa ya oksijeni. Ndani ya maji wanachezacheza viumbe vidogo vyeusi, elfu moja kwa hesabu ya muuzaji, na hakuna anayezidi punje ya mchele. "Hawa ni mumi safi," mjomba anaambiwa, "wape chakula tu, utaona."

Je, ni mumi kweli?

Usicheke. Swali hilo ni la karo na la sufuria ya nyumbani. Mjomba atanunua chakula cha vifaranga, ambacho si rahisi hata kidogo, atawalisha asubuhi na jioni, na huenda baada ya mwezi na nusu akaamka alfajiri akute ukingo wa kidimbwi umejaa vyura wachanga wakiruka kwenda zao. Wengine hupatwa na balaa la kimyakimya zaidi: samaki ni samaki kweli, lakini si wale walioagizwa, na miezi sita ikipita hawajazidi kiganja cha mtoto. Huko ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia, ila hapa gunia ni la plastiki na mbuzi anaonekana waziwazi. Kinachokosekana ni jicho la kumtambua.

Tatizo hili lilipata nguvu mwaka wa 2009, serikali ya Kenya ilipoanzisha mpango wa kuchangamsha uchumi na kuingiza ufugaji wa samaki ndani yake. Palipangwa vidimbwi 200 katika kila mojawapo ya maeneo bunge 140, kila kimoja cha mita mraba 300. Kidimbwi cha ukubwa huo hutiwa vifaranga 1,000 hivi. Piga hesabu mwenyewe: ni vifaranga milioni 28 kwa mara moja, katika nchi ambayo vituo vyake vya kutotolea vilikuwa vya kuhesabika. Busia ina kituo chake cha serikali huko Wakhungu, upande wa Samia, na ng'ambo ya mpaka Waganda wana kituo chao cha utafiti huko Kajjansi, kwenye barabara ya Kampala kwenda Entebbe. Lakini pengo lilikuwa pana, na palipo na pengo hapakosi mtu mwenye ndoo na kipande cha chandarua.

Lugha yetu nayo inachangia utata. Kiluwiluwi ni mtoto wa chura. Kiluwiluwi ni mtoto wa mbu. Na wataalamu wa samaki nao, wakikosa neno jingine, humwita samaki aliyeanguliwa jana kiluwiluwi. Katika makala haya nitamwita kichanga, kisha kifaranga akishaanza kuogelea na kula mwenyewe. Kichanga wa samaki huzaliwa bado hajakamilika. Hana magamba, mapezi yake ni utando mmoja mwembamba uliozunguka mkia, na tumboni ananing'iniza mfuko wa kiini cha yai ambao ndio masurufu yake ya siku za mwanzo. Hafanani na mama wala baba. Ndiyo maana mvuvi aliyevua miaka thelathini anaweza kuwatambua samaki wakubwa kwa kuwagusa gizani, lakini ukimpa vichanga kwenye kijiko akabaki akikuna kichwa.

Tuanze na mumi mwenyewe, ambaye vitabu humwita kambare. Porini, mvua kubwa zikinyesha na mito ikafurika, mumi huacha maji ya kina na kupanda kwenye majani yaliyofunikwa na maji. Jike hutaga, mayai yakanata kwenye nyasi, na wazazi wakaondoka bila kugeuka nyuma. Maji yakiwa na vuguvugu kama ya Busia, mayai hupasuka baada ya siku moja au zaidi kidogo. Siku ya tatu hivi kiini huwa kimekwisha, mdomo umefunguka, na njaa imeanza.

Kidimbwini mumi hataki kutaga mwenyewe, au akitaga haileti faida, kwa hivyo binadamu huingilia kati. Katika vituo vya kutotolea, mtaalamu huchukua tezi ndogo iliyo chini ya ubongo wa mumi mwingine, akaisaga na kumdunga jike dawa inayotokana nayo. Saa kadhaa baadaye tumbo la jike likikamuliwa taratibu, mayai hutiririka kama uji wa wimbi. Dume hana bahati hiyo. Mbegu zake hazikamuliki, hivyo sharti achinjwe ili zipatikane. Jike wa kilo moja anaweza kutoa mayai zaidi ya 60,000. Ukisikia idadi hiyo utadhani kila mtu angekuwa tajiri kufikia Krismasi, lakini wengi wa vichanga hao hawafiki mwezi mmoja. Huliwa na vyura, na watoto wa kereng'ende waishio majini, na wenzao. Naam, mumi mkubwa kidogo humla ndugu yake mdogo bila haya, na ndiyo sababu mfugaji mwangalifu huwapanga kwa ukubwa mara kwa mara.

Sasa chukua sahani nyeupe. Si kikombe wala ndoo ya samawati. Ni sahani nyeupe ya udongo au ya bati, kwa sababu kiumbe cheusi kwenye weupe hakiwezi kuficha umbo lake. Chota maji ya mfukoni pamoja na viumbe kumi hivi, weka mahali penye mwanga usio wa jua kali, na ikiwa mwanafunzi wa nyumbani ana kioo cha kukuzia, mwite.

Tazama umbo kwanza. Mtoto wa chura wa kawaida ana kichwa na tumbo vilivyoungana kuwa mpira mmoja, na mkia umechomekwa nyuma ya mpira huo. Kifaranga wa mumi ana kichwa bapa, kipana, kilichobonyea kana kwamba kimekanyagwa, kisha mwili mrefu unaopungua polepole hadi mkiani. Mweke kwenye chupa ya kioo umtazame kutoka chini. Mtoto wa chura ataonyesha utumbo uliojikunja duara juu ya duara kama kamba ya kunasia ng'ombe, kwa kuwa anakula mwani na anahitaji utumbo mrefu. Mdomo wake ni mdogo na una ukingo mgumu wa kukwangulia. Mumi ana mdomo mpana wa mla nyama.

Halafu tazama ndevu. Hapa ndipo wengi wanapoponzwa, kwa kuwa wameambiwa tu kwamba mumi ana ndevu na chura hana. Magharibi mwa Kenya yuko chura mtelezi anayeishi majini maisha yake yote, mwenye kucha nyeusi kwenye vidole vya miguu ya nyuma. Watoto wanaovua kwa ndoano wanamjua vizuri. Mtoto wa chura huyo ana ndevu! Ana mbili ndefu, moja kila upande wa mdomo, na kichwa chake ni kipana kama cha mumi. Muuzaji mwenyewe anaweza kudanganyika, achilia mbali mnunuzi. Kwa hivyo usiulize kama ana ndevu; hesabu. Mumi ana ndevu nane, jozi nne, na kwa kioo cha kukuzia huonekana siku chache tu baada ya kuanguliwa. Huyo mwingine ana mbili pekee, mwili wake unapenya mwanga hadi waona vilivyo ndani, na hupenda kuning'inia katikati ya maji kichwa kikielekea chini huku ncha ya mkia ikitetemeka. Mumi ni mweusi, hukimbia mwanga na kujificha chini, kwenye kona ya sahani.

Kwa tilapia, jicho linafika mahali likagota, na ni heri ulijue hilo mapema. Sokoni sote tunasema ngege, lakini jina hilo moja limefunika samaki kadhaa. Anayefugwa zaidi ni tilapia wa Nile, ambaye Watanzania humwita sato, anayekua haraka na kuwa mkubwa. Lakini katika mito na mabwawa yetu wamo jamaa zake wengine, wakiwamo wale wenye tumbo jekundu walioingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na wao hawapati ukubwa huo. Vifaranga wao wote wana doa jeusi la mviringo kwenye pezi la mgongoni, upande wa nyuma. Doa hilo litakuambia kwamba huyu ni wa ukoo wa tilapia. Halitakuambia ni tilapia yupi. Baadhi ya wauzaji huonyesha doa kana kwamba ni cheti cha kuzaliwa. Si cheti.

Tofauti iliyo wazi huonekana mapema zaidi, katika yai na namna ya kulea. Jike wa tilapia wa Nile hukusanya mayai yake kinywani mara tu yanapotungishwa. Ni mayai makubwa ya manjano, mamia kadhaa, na hatayaachilia. Huanguliwa humo humo, na vichanga wakakaa humo na mifuko yao ya kiini hadi wajue kuogelea. Kwa jumla hupita siku kumi hadi wiki mbili, na katika muda huo mama hali karibu chochote. Siku ya kwanza ya kuwatoa ni mandhari ya kupendeza. Vifaranga huogelea kwa kundi ukingoni penye jua, kisha kivuli chako kikianguka juu ya maji, wote hurudi mbio kinywani mwa mama. Yule mwenye tumbo jekundu hana desturi hiyo. Hutaga mayai madogo madogo yanayonata, kwa maelfu, juu ya jiwe au sakafu ya kidimbwi, na wazazi wote wawili wakayalinda. Vichanga wake wana tezi za gundi kichwani ambazo huwashikilia chini mpaka wapate nguvu. Basi ukiona tilapia kidimbwini mwako wamelinda mayai yaliyobandikwa chini, jua umepata wageni ambao hukuwaalika.

Jambo moja zaidi kuhusu tilapia. Wafugaji hupendelea madume matupu, kwa kuwa majike huanza kuzaa wakiwa wadogo na kidimbwi kikajaa vitoto visivyokua. Vituo vingi hupata madume hao kwa kuwapa vichanga chakula chenye homoni katika wiki zao za kwanza. Muuzaji akikuapia kwamba vifaranga wake ni madume asilimia mia, huna njia ya kumpinga wala ya kumkubali kwa macho, maana wakiwa wadogo hivyo dume na jike hawatofautiani. Hapo unanunua jina la kituo, si samaki. Omba risiti.

Kiumbe wa ajabu kuliko wote ni mtoto wa kamongo, na kama una mtoto shuleni anayependa sayansi, mpe kisa hiki. Kamongo mkubwa ana mapafu. Hupanda juu kuvuta hewa kama sisi. Dume huandaa kiota katika kinamasi cha mafunjo na kukilinda kwa ukali. Vichanga wake huwa na mashavu ya kupumulia yaliyo nje ya mwili, yamechanua pande zote mbili za shingo kama manyoya mekundu, na chini ya koo wana kibandiko cha kujishikiza ukutani mwa kiota, wakining'inia wima kama popo waliogeuka. Hata watoto wa chura huwa na mashavu ya nje kwa siku chache. Si ajabu kwamba wataalamu wa Ulaya katika miaka ya 1830 walibishana kama kamongo na jamaa zake wa Amerika Kusini ni samaki au ni wa kundi la vyura. Richard Owen wa Uingereza, aliyemweleza kamongo wa Afrika mwaka wa 1839, alishikilia kuwa ni samaki, na ndivyo ilivyo.

Utafutaji wa vichanga umewahi kugharimu hata maisha. Mwingereza John Samuel Budgett alisafiri Afrika mara nne akitafuta mayai na vichanga wa samaki wa kale aitwaye Polypterus, na mojawapo ya safari hizo ilimfikisha Uganda. Alifaulu mwaka wa 1903 katika maeneo ya Mto Niger, akarudi kwao na homa, akafariki mwanzoni mwa 1904 kabla ya kuandika yote aliyoyaona. Waweza kudhani ni wazimu kufa kwa ajili ya samaki wa urefu wa ukucha.

Lakini tazama yaliyompata ningu. Wazee wa Busia na Siaya wanamkumbuka samaki huyu mtamu mwenye miiba mingi, aliyepanda Mto Sio na Mto Nzoia kwa makundi mvua zilipoanza. Kwa muda mrefu mavuno yake yalikuwa ya kutegemewa, watu wakimngoja mitoni kwa migono na nyua za kutega. Kisha nyavu za kisasa zikatandazwa kwenye midomo ya mito, mahali ambapo kila jike mwenye mayai hana budi kupita. Mwaka wa 1959 wataalamu wawili waliofanya kazi Afrika Mashariki, Geoffrey Fryer na P.J.P. Whitehead, walichapisha maelezo ya jinsi ningu anavyozaliana na jinsi vichanga wake wanavyokua. Ilidhihirika kwamba anazaliana kwenye nyanda zilizofurika kando ya mito, si ziwani. Maana yake ni kwamba ukimnasa mlangoni mwa mto, umenasa na watoto ambao hawajazaliwa. Kufikia 1965 mtaalamu mwingine, Cadwalladr, alikuwa akiandika juu ya kudidimia kwa uvuvi wa ningu na kudhoofika kwa mitego ya kienyeji kwenye Mto Nzoia. Kwa maoni yangu, elimu ya vichanga ilikuja ikiwa sahihi, ila ilichelewa.

Ngege wa asili naye, yule aliyekuwa na jina hilo kabla halijagawiwa kila tilapia, amepotea karibu kabisa katika Ziwa Victoria lenyewe. Mbuta aliyeingizwa kuanzia 1954, na tilapia wa Nile aliyeletwa miaka hiyo hiyo, hawakumwachia nafasi. Amesalia katika maji madogo ya pembeni, kama Ziwa Kanyaboli kwenye kinamasi cha Yala, Kaunti ya Siaya. Huyu na tilapia wa Nile wanaweza kuzaa pamoja, na mtoto wao akiwa kifaranga hakuna kioo cha kukuzia kitakachomfichua. Ndoo moja ya vifaranga waliokosewa jina ikimwagwa mahali kama hapo, au kidimbwi kikipasuka wakati wa mafuriko, ni vigumu kulirekebisha jambo hilo.

Je, wataalamu hufanyaje? Mengi ya wanayotazama ungeweza kuyaelewa hata wewe. Huhesabu mafungu ya misuli yaliyojipanga ubavuni kama vipande vya mkeka, hupima umbali kutoka mdomoni hadi njia ya haja ukilinganishwa na urefu wote, na huchora kila doa jeusi lilipo. Wanapendelea madoa meusi kwa sababu kichanga akihifadhiwa kwenye spiriti au fomalini, rangi nyekundu na manjano huyeyuka na nyeusi ikabaki. Mahali jicho linaposhindwa, tangu 2003 ipo njia iliyopendekezwa na Paul Hebert wa chuo kikuu cha Guelph, Kanada: kusoma kipande kimoja kifupi cha DNA na kukilinganisha na vile vya samaki wanaojulikana. Hata hivyo, njia hiyo huwa na shida na samaki waliochanganyika damu, kwa kuwa kipande kinachosomwa hutoka kwa mama peke yake. Kifaranga mwenye mama ngege na baba mgeni ataandikwa ngege. Kumfichua huyo sharti zisomwe sehemu nyingine za urithi, zile alizopewa na wazazi wote wawili.

Kama watoto wako wangependa kujionea, wakati mzuri ni Aprili au Mei, mvua ndefu zikiwa zimeshika na Sio imevuka kingo zake. Wasikaribie mto wenyewe. Maji ya kina kifupi kwenye nyasi yanatosha, na mtu mzima awepo. Chupa safi ya kioo, sahani nyeupe na kioo cha kukuzia ndivyo vyombo pekee vinavyohitajika. Wachore wanachokiona, wahesabu ndevu, waandike tarehe na mahali, kisha wawarudishe wale viumbe pale pale walipotolewa. Wasiwabebe hadi kwa shangazi Malaba wakawamwage huko, hata ikiwa ni safari ya saa moja tu. Maji ya Sio huenda Ziwa Victoria, na ya Mto Malaba hupita Uganda hadi Ziwa Kyoga.